Kompyuta kuukuu za AMCOS Tarime na Serengeti zisitupwe, zipangwe poti

MKULIMA wa kahawa wa Muriba au Nyamwaga, wilayani Tarime, hana shida na kompyuta. Anachotaka ni kwamba kilo zilizosomeka kwenye mizani ndizo ziandikwe kwenye risiti yake. Mwenzake wa pamba katika wilaya jirani ya Serengeti anataka hivyo hivyo. Lakini kati ya mizani na risiti upo mkono wa karani, na hapo ndipo ugomvi mwingi wa vituo vya ununuzi unapoanzia.

Karani aliyechoka akisoma 47.5 na kuandika 45.7, mkulima amepoteza kilo 1.8 bila mtu yeyote kukusudia wizi. Karani mwenye nia mbaya atamlaza zaidi ya hapo. Serikali ilipoagiza mwaka 2018 kwamba kahawa iuzwe kupitia vyama vya ushirika, lawama zote za mizani zilihamia kwa chama cha msingi, yaani AMCOS. Na Tarime ina jaribu ambalo mikoa mingi haina: ukivuka mpaka wa Sirari, uko Isebania, Kenya. Mkulima asiyeiamini mizani ya chama chake hana haja ya kuandamana. Anasubiri giza liingie.

Dawa ya tatizo hili si ngeni wala si ya gharama kubwa. Mizani nyingi za kielektroniki zina tundu la waya la kupelekea uzito moja kwa moja kwenye kompyuta, bila karani kugusa tarakimu. Kompyuta nayo huamuru printa ya doti matriksi, ile yenye kelele ya kukwaruza, itoe risiti. Printa hiyo hugonga karatasi kwa pini kupitia utepe wa wino, hivyo risiti yenye karboni hutoka nakala tatu kwa mpigo mmoja: ya mkulima, ya chama na ya mkaguzi wa COASCO atakapokuja. Printa za kisasa za leza au za kupuliza wino haziwezi kazi hiyo.

Kinachokwamisha ni poti. Kompyuta za mezani za miaka ya 2000, ambazo bado zimo katika ofisi nyingi ndogo, kwa kawaida zina poti ya pini 9 inayofaa mizani na poti ya matundu 25 inayofaa printa. Siku moja printa inagoma, mizani haisomeki, anaitwa fundi, na jibu la fundi ni fupi: imekufa hiyo, nunueni kompyuta mpakato. Chama kinanunua. Kifaa kipya kinafika kikiwa na matundu ya USB pekee, na Windows yake ya biti 64 haifungui programu ya zamani ya DOS iliyokuwa ikitunza hesabu za wanachama. Mizani inabaki bila waya na daftari la karani linarudi mezani.

Mara nyingi poti hiyo haikufa. Imezimwa tu. Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo bapa ya volti 3, aina ya CR2032, inayohifadhi saa na mipangilio wakati umeme haupo. Kompyuta inayokaa siku nyingi bila umeme huimaliza mapema. Betri ikiisha, kompyuta husahau yote iliyoelekezwa na kurudia mipangilio ya kiwandani. Dalili yake kila karani anaiona lakini haitilii maanani: tarehe kwenye skrini inarudi nyuma miaka mingi. Betri hiyo huuzwa hata na mafundi saa.

Baada ya kuibadilisha, fundi awashe kompyuta na kubonyeza Del au F2 kabla Windows haijaanza. Itatokea skrini ya BIOS. Humo, kwenye sehemu ya vifaa vya nje, poti ya printa iwashwe na kupewa anwani 378 na namba 7 ya kukatizia, ndiyo LPT1. Poti ya mizani ipewe 3F8 na namba 4, ndiyo COM1. Poti ya printa huwa na hali kadhaa, SPP, EPP na ECP, na hapa ndipo mafundi vijana hukosea kwa kuchagua iliyo ya kisasa zaidi. Printa kongwe ikitoa herufi zisizosomeka au ikinyamaza, irudishwe kwenye SPP kwanza, ndipo printa ilaumiwe.

Kwa upande wa mizani jambo kubwa ni mwendo wa kupokea tarakimu. Mizani ikituma kwa biti 9600 kwa sekunde huku kompyuta ikisikiliza kwa 2400, kitakachoonekana ni takataka. Kinachobadilishwa hapo ni kompyuta, si mizani. Mizani ina lakiri ya Wakala wa Vipimo, na fundi anayeikata ili afikie mipangilio ya ndani anakiingiza chama matatani na Sheria ya Vipimo hata kama nia yake ilikuwa njema.

Wapo wanaosema adapta ya kuunganisha mizani kwenye USB inamaliza kazi. Inaweza, ila si kila adapta. Bandia zimejaa sokoni, na mwaka 2014 kampuni ya FTDI ilitoa draiva iliyolemaza vifaa vyenye chipu za kughushi jina lake. Waliolia ni wanunuzi ambao hawakujua walichouziwa. Isitoshe, adapta mara nyingi hujipa namba kama COM7 wakati programu kongwe inatafuta COM1 au COM2 tu. Namba hiyo hubadilishwa kwenye orodha ya vifaa ya Windows, lakini ni lazima awepo mtu anayelijua hilo.

Hoja yenye uzito ni ya usalama. Windows XP iliacha kuhudumiwa mwaka 2014, Windows 7 mwaka 2020 na Windows 10 Oktoba 2025. Kompyuta ya namna hiyo isiunganishwe na intaneti hata kidogo. Kazi yake iwe kupima, kuandika na kuchapa risiti. Taarifa za MUVU, mfumo wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika, zipelekwe kwa kifaa kingine, na kumbukumbu za kila siku zinakiliwe pembeni, kwani diski kuukuu haitoi taarifa kabla ya kufa.

Swali linalobaki ni nani alipe na nani afanye. Chama kimoja kumwajiri fundi ni anasa. Lakini chama kikuu cha WAMACU kikishirikiana na vyama vya msingi vya wilaya hizo mbili, kinaweza kumchukua kijana mmoja kutoka chuo cha VETA Musoma, apite kila kituo mara moja kwa mwaka na boksi la betri, kebo na bisibisi. Akimaliza, aandike anwani za poti na mwendo wa mizani kwenye karatasi na kuibandika ubavuni mwa kompyuta, ili karani wa mwaka ujao asianze kubahatisha. Na aanzie Serengeti, apite Aprili, maana ununuzi wa pamba kwa kawaida hufunguliwa Mei, na wakati huo foleni ikiwa imeshafika mlangoni hakuna atakayekubali mizani ifunguliwe waya.