Usiwauzie wenzako uji ilhali wewe ulipasuliwa

Juma lililopita nilipokea barua ya kurasa nne kutoka kwa mama mmoja anayeishi hapa jijini Nairobi. Ameniomba nisitaje jina lake wala mtaa wake, nami nitatimiza ombi hilo. Hata hivyo, ameniruhusu kuichapisha barua yenyewe kwa kifupi, kwa sababu anaamini kuwa hayuko peke yake katika shida hii.

"Mimi ni mama wa watoto watatu na umri wangu ni miaka 44," anaanza. "Miaka mitatu iliyopita nilikuwa na kilo 118. Magoti yalikuwa yakiniuma, shinikizo la damu lilikuwa juu na kupanda ngazi hadi orofa ya tatu tunakoishi kulikuwa adhabu. Nilichukua mkopo katika chama cha akiba na mikopo cha kazini, nikafanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo. Waliojua ni mume wangu na binti yangu mkubwa pekee. Majirani waliambiwa kuwa nimekwenda mashambani kumuuguza mama.

"Kilo zilipoanza kushuka, kina mama wa mtaani walinisimamisha njiani wakitaka kujua nimefanya nini. Nilishindwa kusema. Nikajibu kuwa asubuhi nakunywa uji wa wimbi, nimeacha ugali wa usiku na kila jioni natembea. Wakanishika niwafundishe. Hivyo ndivyo kikundi chetu kilivyoanza. Leo tuko 26. Hukutana Jumamosi alasiri katika ukumbi wa kanisa, kila mmoja akatoa shilingi 200, na wengi hununua unga wa uji kwangu. Wananiita Mwalimu.

"Mwezi uliopita mwenzetu mmoja mwenye kisukari alianguka katika kituo cha matatu. Alikuwa ameacha chakula cha mchana na cha jioni kwa sababu kilo zake hazikuwa zikishuka kama zangu, lakini tembe zake za kisukari aliendelea kuzimeza. Namshukuru Mungu alipona. Nilipokwenda kumwona hospitalini, yeye ndiye aliyeniomba radhi. Aliniambia, 'Mwalimu, nisamehe, mimi sina bidii kama wewe.' Nilirudi nyumbani nikashindwa kula. Binti yangu, ambaye ni mwanafunzi wa shule ya upili, akaniuliza, 'Mama, hata sasa huwezi kuwaambia?' Nifanye nini? Nikisema nitatengwa. Nikinyamaza nitamuua mtu."

Dada yangu, pole sana. Barua yako imenihuzunisha, lakini pia imenipa matumaini, kwa sababu mtu asiye na dhamiri hangeandika kurasa nne. Hebu tulitazame jambo hili polepole.

Kwanza, kupasuliwa si dhambi wala si uvivu. Wako wanaodhani kuwa mtu aliyefanyiwa upasuaji huu amepitia njia ya mkato. Ukweli ni kwamba madaktari huupendekeza kwa watu ambao unene wao umekuwa ugonjwa. Hesabu yao ni rahisi: huchukua kilo zako na kuzigawanya kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwanamke mwenye urefu wa mita 1.6 na kilo 102 hupata takriban 40. Akifika hapo, au akiwa na 35 pamoja na maradhi kama kisukari au shinikizo la damu, upasuaji ni tiba inayokubalika kabisa. Wala unene si shida ya watu wachache humu nchini. Uchunguzi wa kitaifa wa afya uliofanywa mwaka wa 2014 ulionyesha kwamba kati ya kila wanawake 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49, 33 walikuwa na uzani uliozidi kiasi.

Pili, ni sharti tuelewe upasuaji huo hufanya nini, kwa maana hapo ndipo uongo wako unapowaumiza wenzako. Katika aina moja inayofanywa sana, daktari hukata na kuondoa karibu robo tatu ya mfuko wa tumbo au hata zaidi, akabakisha kitu chembamba mfano wa ndizi. Katika aina nyingine, hutengeneza kifuko kidogo kama yai na kukiunganisha na utumbo, chakula kikapita kando ya sehemu kubwa ya tumbo. Si nafasi ya chakula pekee inayopungua. Sehemu inayoondolewa katika ile aina ya kwanza ndiyo inayotoa kwa wingi homoni ya kuamsha njaa. Kwa hivyo mtu huyo hushiba kwa vijiko vichache na njaa yenyewe hupungua.

Sasa mfikirie yule mwenzako wa kisukari. Tumbo lake ni zima na njaa yake ni nzima. Umempa uji, ukamwambia atashuka kama wewe. Asiposhuka, hawezi kuushuku uji, kwa kuwa anakuona mbele yake umekonda. Atajishuku yeye mwenyewe. Ataacha mlo mmoja, kisha wa pili. Na baadhi ya tembe za kisukari, pamoja na sindano za insulini, huendelea kushusha sukari mwilini hata kama mtu hajala chochote. Ndiyo maana alianguka. Hakukosa bidii, dada yangu. Alikosa habari uliyokuwa nayo wewe.

Najua kuna msomaji atakayeuliza: je, mtu hana haki ya kuficha maradhi yake? Anayo. Mwili wako ni wako na faili yako ya hospitali ni siri yako. Jirani akikuuliza sokoni umekondaje, unaweza kumjibu kwamba unamshukuru Mungu, ukaenda zako. Hakuna aliyekudai maelezo. Lakini uliposimama mbele ya watu 26, ukapokea shilingi 200 za kila mmoja na kusema, "Fanyeni kama nilivyofanya," siri hiyo iliacha kuwa yako peke yako. Ikawa ni sehemu ya bidhaa unayouza. Mwenye duka anaweza kuficha mambo ya ndoa yake, lakini hawezi kuficha kwamba mizani yake ina kasoro.

Nitakupa kisa cha mwanamke aliyeanzisha vikundi vya aina hii. Aliitwa Jean Nidetch, mama wa nyumbani katika mtaa wa Queens, New York, nchini Marekani. Mwaka wa 1961 alikuwa na takriban kilo 97. Alihudhuria kliniki ya idara ya afya ya mji huo, akapewa orodha ya vyakula vya kufuata. Shida yake ilikuwa biskuti. Alizificha nyumbani na kuzila kwa siri, na kila alipokwenda kliniki alishindwa kumkiri mwalimu wake. Mwishowe aliwaalika marafiki sita nyumbani kwake na kuwaeleza habari za biskuti hizo. Nao wakaanza kufungua siri zao. Kufikia mwaka uliofuata alikuwa amefika kilo 64 hivi, na mwaka wa 1963 kikundi hicho kilizaa kampuni ya Weight Watchers, ambayo ilienea katika nchi nyingi. Msingi wa vikundi hivi haukuwa kiongozi asiye na doa. Ulikuwa mwanamke aliyechoka kudanganya.

Kuna pia kisa cha Star Jones, wakili na mtangazaji wa runinga wa huko huko Marekani. Alipasuliwa mwaka wa 2003 na akapungua zaidi ya kilo 70 machoni pa mamilioni ya watazamaji. Kwa miaka kadhaa alizungumzia kiasi cha chakula na mazoezi, na kuhusu matibabu akatoa majibu ya kuzungukazunguka. Mwaka wa 2007 ndipo alipokiri waziwazi katika jarida moja kwamba alifanyiwa upasuaji, na kwamba aibu na hofu ndizo zilizomfunga mdomo. Mtangazaji mwenzake, Al Roker, alipasuliwa mwaka wa 2002 na kuwaambia watazamaji wake. Baadaye baadhi ya kilo zilipomrudia, alilisema hilo pia. Hakuwa na ngome ya uongo ya kulinda.

Hilo la kilo kurudi lizingatie sana. Upasuaji si uchawi. Kilo huweza kurudi, na aliyepasuliwa huhitaji vitamini na madini maisha yake yote, hasa B12, chuma, kalsiamu na vitamini D, pamoja na kupimwa damu kila mwaka. Je, siku utakapoishiwa na damu au nywele zikianza kupukutika, utamwambia nani? Utaendelea kusema ni uji? Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Sasa, ufanye nini? Anza na yule mama wa kisukari. Usingoje Jumamosi. Nenda nyumbani kwake, keti naye, na umwambie: "Mama, hukukosa bidii. Mimi nilipasuliwa, nikakuficha. Nisamehe." Usianze kujitetea kwa habari ya magoti yako na mkopo wako. Hayo yatakuja akiuliza. Kisha msihi amwone daktari wake kabla ya kubadilisha mlo tena.

Jumamosi simama mbele ya kikundi na useme maneno hayo hayo, kwa ufupi. Waambie ni nini kilichotokana na upasuaji na ni nini ulichokifanya kwa juhudi zako, kwa maana kutembea ulitembea kweli na ugali wa usiku uliuacha kweli. Uache kuuza unga, na anayetaka kurudishiwa pesa zake mrudishie, hata kama ni kidogo kidogo. Halafu uwaachie waamue kama wangali wanakutaka uwaongoze. Wakikutaka, tafuta mwuguzi au mtaalamu wa lishe awe akija kuwaona, na muweke sharti kwamba mwenye kisukari, shinikizo la damu au mimba asiguse mpango wowote bila idhini ya daktari. Wakikukataa, keti nyuma kama mwanachama wa kawaida, au uondoke kwa amani.

Utatengwa? Huenda wengine wakanuna na kukusema katika simu zao kwa majuma mawili. Lakini nakuhakikishia, miongoni mwa hao 26 yuko mmoja ambaye uzani wake umekwisha kuwa ugonjwa na ambaye hajawahi kusikia kwamba kuna tiba. Ulikuwa umemfungia mlango bila kujua.

Nanyi mlio katika vikundi kama hivi, siku kiongozi wenu akikiri jambo kama hili, msimpige mawe. Mkasirikieni, ni haki yenu, lakini msikilizeni. Na kabla ya kutoa shilingi yenu ya kwanza kwa mtu yeyote anayeahidi kuwapunguza, mwulizeni maswali matatu: Wewe ulipunguaje? Ulisaidiwa na daktari, dawa au upasuaji? Nani mwingine amefuata mpango huu na matokeo yake ni gani? Mwenye ukweli hatakasirika akiulizwa. Siku hizi kuna hata sindano na tembe za kupunguza uzani zinazotolewa na madaktari, kwa hivyo umbo la mtu pekee halikuelezi alivyolipata.

Kwa wanafunzi mnaosoma ukurasa huu: miili yenu ingali inakua. Msiache kula chakula cha mchana shuleni kwa kumwiga mtu mzima msiyejua alikopitia. Mkiwa na wasiwasi kuhusu uzani wenu, mwambieni mzazi awapeleke kwa daktari.

Mwisho, dada yangu, mshukuru binti yako. Kwa miaka mitatu amebeba uongo wako mgongoni, akiwajibu majirani ulivyomfunza kujibu. Swali alilokuuliza usiku ule halikuwa la utovu wa adabu. Alikuwa akikuomba ruhusa ya kuutua mzigo. Jumamosi mchukue mwende pamoja, akae nawe ukumbini. Ukishasema, andika tena unieleze ilivyokuwa.

Hadi Jumapili ijayo, kwaherini.