Mkutano Ulioogopwa na Watawala

Desemba 1773 wakazi wa Boston walitupa chai ya Waingereza baharini, na kisa hicho kimesimuliwa duniani kote. Adhabu iliyofuata haisimuliwi sana, nayo ndiyo yenye funzo kwetu. Mwaka 1774 Bunge la Uingereza liliifunga bandari ya Boston. Halikutosheka na hilo. Lilitunga sheria iliyoizuia miji ya Massachusetts kuitisha mikutano yake bila idhini ya gavana, isipokuwa ile ya kuchagua viongozi. Dola yenye manowari ilihofia nini kwa wakulima na mafundi viatu waliokaa kwenye mabenchi wakijadili daraja, shule na kodi? Ilihofia mazoea yao. Watu waliozoea kuulizana hadharani fedha zao zimekwenda wapi hawatawaliki kwa amri kutoka mbali, na miaka miwili baadaye makoloni ya Marekani yalitangaza uhuru.

Ukambani tunalo jambo la namna hiyo hiyo. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliamuru ng'ombe wa Wakamba wa Machakos wapunguzwe kwa nguvu, ikisema wanaimaliza ardhi. Mmomonyoko ulikuwepo, hilo hatulikatai. Lakini malisho yalikuwa yamebanwa na mashamba ya walowezi, na ng'ombe waliokamatwa waliuzwa kwa bei ya kutupa, wengi wakiishia kwenye kiwanda cha nyama cha Liebig, Athi River. Ng'ombe yule alikuwa mahari ya kijana, maziwa ya mtoto na akiba ya mwaka wa njaa. Muindi Mbingu na wenzake wa Ukamba Members Association waliitisha mabaraza, wakakubaliana neno moja, na mwezi wa Julai maelfu ya watu, wake kwa waume na watoto, wakatembea kwa miguu hadi Nairobi, wakapiga kambi kwa majuma kadhaa wakitaka kumwona gavana. Muindi alihamishiwa Lamu kwa nguvu, lakini amri ile haikumaliza mwaka. Mei 1940 chama chenyewe kilipigwa marufuku. Hofu ilikuwa ile ile ya 1774.

Atasema mtu kwamba hayo ni ya Machakos, si yetu. Makueni ilikuwa ndani ya wilaya ya Machakos hadi miaka ya 1990, na Kitui ni ndugu wa nyumba moja. Mwingine, mwenye hoja nzito zaidi, atasema kwamba mikutano ya bajeti ya kaunti siku hizi ni ya kutia sahihi tu: viti vya plastiki, karatasi ya mahudhurio, kitabu cha bajeti cha Kiingereza kinacholetwa asubuhi ile ile, na uamuzi uliokwisha kufanywa ofisini. Malalamiko hayo ni ya haki. Lakini kususia hakumwadhibu afisa, kunamrahisishia kazi. Tazama Makueni. Mwaka 2015 kaunti hiyo iliponea chupuchupu kuvunjwa kwa ugomvi wa gavana na wawakilishi wa wadi, na leo wageni wa kaunti nyingine huijia kujifunza jinsi wanavijiji wanavyochagua miradi kuanzia chini.

Wala tusiwasifu Wamarekani kupita kiasi. Mwaka 1787, Philadelphia, watumwa hawakuwa na kiti katika ukumbi ilimoandikwa katiba yao, na katika kugawa viti vya Bunge wakahesabiwa watano kuwa sawa na watu watatu. Wenyeji wa asili wa ardhi ile hawakuitwa, wanawake hawakuitwa. Asiyekuwepo huandikwa na wengine wanavyotaka. Basi mchanga wa mito yetu na makaa ya mawe ya bonde la Mui visijadiliwe huku mama anayechimba kisima mtoni na kijana wa kijijini wakiwa hawapo.

Tofauti yetu na watu wa Boston na wa Muindi Mbingu ni kwamba kwetu mkutano haukatazwi, unaagizwa. Kifungu cha 196 cha Katiba ya 2010 kinalitaka bunge la kaunti liuwezeshe umma kushiriki katika kazi zake. Makadirio ya bajeti yanapaswa kufika bungeni humo kabla ya Aprili 30, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Ndugu msomaji wa Mutomo, wa Mwingi, wa Wote na wa Kibwezi, ulizia katika ofisi ya wadi yako siku ya mkutano, uombe kitabu cha bajeti mapema, kisha nenda na jirani yako.