Wahuni wa Jana

Neno "uhuni" limechoka, jamani. Na wanaolitumia zaidi ni wale wasiotaka kuulizwa walikuwa wapi walipokuwa na miaka kumi na tisa. Kijana akisuka rasta, mhuni. Akivaa suruali iliyochanika magotini, mhuni. Akishika kalamu akaandika mapenzi bila kuyamalizia kwenye ndoa au kaburini, huyo ndiye mhuni mkuu. Halafu tunaambiwa: "Enzi zetu hakukuwa na mambo haya."

Hakukuwa? Haya, tufungue masanduku.

Nasema masanduku hasa, si mafumbo. Lile la bati chini ya kitanda cha bibi, na lile boksi la viatu juu ya kabati ambalo mzee hataki liguswe. Kwetu Temeke nimeyafungua yote mawili, kwa ruhusa, wenyewe wakiwa wamekaa pembeni wananitazama mikono. Katika la bibi mna picha ya studio, nyeusi na nyeupe: wasichana wanne, nywele zimetimuliwa, viatu vya mchuchumio, nyuma imeandikwa 1968 kwa wino wa buluu. Bibi yumo ukingoni. Ile kona ya chini, kuanzia kiunoni mwake, imekatwa kwa mkasi.

Nikamwuliza nani kaikata. "Mimi mwenyewe. Nilikuwa nimeshaposwa."

Ilikuwa mini, basi. Na msidhani aliogopa wakwe tu. Oktoba 1968 TANU Youth League ilitangaza Operesheni Vijana: kuanzia tarehe 1 Januari 1969, mini, mawigi, suruali za kubana na dawa za kujichubua marufuku. Hata tarehe yenyewe haikusubiriwa. Mwezi huohuo wa Oktoba makundi ya vijana wa kiume yaliwavamia wanawake Kariakoo, wengine wakateremshwa kwenye mabasi kwa sababu ya urefu wa sketi. Novemba 1969 ikawa zamu ya muziki, soul ikapigwa marufuku Dar es Salaam. Sasa niambieni, nani anapiga marufuku kitu ambacho hakuna anayekifanya? Lile katazo ndilo ushahidi. Jiji lilikuwa limejaa akina bibi, wamependeza, wanacheza.

Boksi la mzee nalo lina yake. Kadi za salamu za redio ambazo hazikutumwa, moja ina jina la msichana ambaye si mama (tuliyaacha hapo). Kaseti imeandikwa kwa kalamu: RAP, USIFUTE. Na picha ya rangi, kavaa kofia kisogo mbele na jinzi ambalo tungeenea wawili. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, Saleh Jabir kaichukua Ice Ice Baby kaitia Kiswahili, na Kwanza Unit wanaanza mwaka 1993. Mshua alikuwa humo humo. Leo akisikia singeli ya jirani anafunga dirisha.

Na unajua nani alikuwa akimwita mhuni kwa ajili ya ile kofia? Bibi. Mwenye mkasi.

Lakini ugomvi wangu mkubwa hauko na wao. Uko na sisi tunaojiita waandishi chipukizi. Hebu zisome hadithi tunazopeana tusomeane: baba ni fimbo, mama ni machozi na kanga, bibi ni methali tatu na kikohozi. Mama katika hadithi zetu hajawahi kuwa na miaka kumi na tisa. Hajawahi kusubiri barua, wala kutoroka kwenda dansini na viatu vya kuazima. Tunawaandika wazazi kama wanavyopenda kujieleza wenyewe mbele ya wageni, halafu tunaita huko kuheshimu utamaduni. Kezilahabi alitoa Rosa Mistika mwaka 1971, hajafika thelathini. Kikafungiwa mashuleni kwa muda, baadaye kikaja kufundishwa humohumo. Rosa ni msichana wa rika la bibi yangu, na ana mwili, ana tamaa, ana makosa. Sisi tumepita nusu karne tangu hapo, bado tunawakata wanawake wetu kiunoni. Bibi alikuwa na sababu, alikuwa anaolewa. Sisi tunaogopa nini?

Najua jibu lililo njiani: kufukua ujana wa mzazi ni kumvunjia heshima. Sikubali, ila sehemu moja nakubali. Katika sanduku lile kulikuwa na bahasha. Bibi aliitoa kabla sijaigusa, akaifunga kwenye pindo la kanga, nami sikuuliza. Ni yake. Mzazi akitaka kunyamaza, anyamaze. Asichoruhusiwa ni kuikata picha halafu akaja kunichapa na kile kipande kilichobaki, eti tazama tulivyokuwa na adabu.

Tena muda wenyewe hautungoji. Kati ya wale wasichana watatu wengine, bibi ametaja majina ya wawili. Wa tatu, ambaye anacheka kwenye picha mpaka jicho limefumba, amemsahau. Anakumbuka tu kwamba alikuwa wa Ilala na alikuwa na baiskeli. Msichana wa Dar mwenye baiskeli mwaka 1968! Hiyo ni riwaya nzima, na jina lake limeshapotea. Kwa hiyo ukirudi nyumbani leo acha simu mezani, chukua penseli, kaa chini na mwenye picha. Andika nyuma majina, mtaa, mwaka, na nguo iliazimwa kwa nani. Usikandamize, picha za zamani zinapasuka.

Kaseti ya mzee bado hatujaisikiliza. Mkanda umeanza kuota ukungu na nyumbani redio ya kaseti iliuzwa zamani. Mwenye nayo, inayozunguka vizuri bila kula mkanda, anitafute. Mzee amekubali kuja nayo mwenyewe, lakini kasema haachii kaseti yake mkononi mwa mtu.