Kabla ya Vifaranga, Daftari

Hesabu ya kuku wa nyama wengi wetu tunayo kichwani: vifaranga 100, mifuko kadhaa ya chakula, wiki tano, kisha sokoni. Ni hesabu ya mtu anayetaka kufanya kazi, na nia hiyo ni njema. Sasa tuiandike.

Chukua daftari la mtoto lililobakiwa na kurasa. Andika vifaranga. Andika chakula cha stata, groa na finisha, kila kimoja mstari wake, maana bei hazifanani. Je, umeandika mkaa wa kuwapa joto usiku? Randa za kutandika bandani? Chanjo ya kideri na ya gumboro? Nauli ya bodaboda?

Na wakifa 8? Tuseme kundi zima limekugharimu shilingi 600,000. Wakifika sokoni wote, kila kuku amekula 6,000. Wakifika 92, kila mmoja amebeba zaidi ya 6,500. Mnunuzi hana habari na wale 8. Bei yake ni ile ile.

Lipo swali ambalo mimi naliona kubwa kuliko hayo yote: nani atawanunua? Kuku wa nyama hasubiri. Akishafikia uzito wa kuuzwa, kila siku anayobaki bandani anakula faida yako. Basi nenda leo kwa mama lishe, kwa mkaanga chipsi, kwa mwenye hoteli pale stendi. Uliza wanachukua wangapi kwa wiki, kwa bei gani, na wanalipa taslimu au kwa mkopo. Andika majibu yao kama walivyoyasema. Hapo mchanganuo wa biashara umeshaanza, na kurasa mbili za kweli zinatosha kwa kuanzia.

Nyumbani, mpe mwenzako asome. Kijana wa sekondari ajumlishe upya. Kama mama ndiye atakayeamka saa nane usiku kutazama jiko la vifaranga, ujira wake nao uandikwe.

Nawe uliye karani, mwalimu au mhasibu, huwezi kuwapa wanakikundi wa mtaani kwako jioni moja ya Jumamosi? Halmashauri zetu Tanzania hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi huombwa andiko la mradi, na mkono wako unaweza kuwasaidia kuliandika.

Mnaotaka kuanzisha asasi ya kuhudumia wazee au yatima, daftari ni hilo hilo. Ninyi jiulizeni: michango ya mwanzo ikiisha, kodi ya pango mwezi wa nne italipwa na nani?

Ukikwama, mfuate afisa maendeleo ya jamii wa kata yako, daftari mkononi. Lakini anza leo, baada ya chakula cha jioni, familia ikiwa bado imekaa pamoja. Vifaranga wasubiri wiki moja.