Mhadhiri Mtarajiwa, Vitabu Umeviacha Wapi?

Leo nasema na yule msomi anayejiandaa kuomba kazi ya kufundisha fasihi ya Kiswahili chuo kikuu. Akikasirika, na akasirike.

Mimi chuo kikuu nakiona dirishani nikiwa ndani ya daladala. Nimeishia kidato cha nne. Usiku naandika riwaya, mchana nachapa barua za watu kwenye duka la steshenari. Barua za kuomba uhadhiri zinapita mikononi mwangu, na zinanitia uchungu: mtu anaomba kufundisha fasihi, lakini barua nzima haina jina la kitabu hata kimoja!

Vyeti anavihangaikia, sikatai. Cheti cha kuzaliwa, vyeti vya kidato cha nne na cha sita, maana karatasi za matokeo hazipokelewi. Aliyesoma nje anafuatilia shahada yake itambuliwe na TCU. Wadhamini nao wanapigiwa simu. Siku nzima inaishia hapo. Ikifika zamu ya barua, anatoa ya mshikaji wake: "Dogo, badilisha jina na tarehe." Nasoma: mchapa kazi, mwaminifu, anaweza kufanya kazi bila kusimamiwa. Sasa bwana, hapo unaomba uhadhiri au ulinzi wa ghala? Tena kwa Kiingereza, wakati matangazo ya Sekretarieti ya Ajira yanaruhusu barua ya Kiswahili. Kama wewe mwenyewe hukiamini Kiswahili kikuombee kazi, wanafunzi wako wakiamini kwa lipi?

Najua nitakavyojibiwa: "Wewe wa kidato cha nne unajua nini? Kinachotazamwa ni GPA." Sawa. Matangazo mengi ya mhadhiri msaidizi yanataka 3.8 ya shahada ya kwanza na 4.0 ya uzamili. Alama hizo zina jasho, siwezi kuzidharau. Lakini kila atakayeitwa kwenye usaili anazo. Hazisemi kama unaweza kumfanya kijana wa mwaka wa kwanza afungue riwaya yenyewe badala ya kukariri muhtasari wake.

Shaaban Robert hakusoma chuo kikuu. Alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, na kwa masharti ya leo asingeruhusiwa kufundisha Kusadikika aliyoiandika mwenyewe. Abdilatif Abdalla alikuwa mfanyakazi wa manispaa ya Mombasa alipofungwa mwaka 1969 kwa sababu ya maandishi yake. Mashairi aliyoyatunga jela yakatoka kitabuni mwaka 1973, na baadaye akafundisha Kiswahili Chuo Kikuu cha Leipzig, Ujerumani. Euphrase Kezilahabi alikuwa na vyote viwili: Rosa Mistika ilitoka mwaka 1971, udaktari akaupata Marekani katika miaka ya 1980. Sisemi shahada zichomwe moto. Nasema kazi hii ina upande wa pili, na barua zenu zinauficha.

Basi andikeni aya tatu tu. Ya kwanza: taja kitabu kimoja unachotaka kukifundisha, useme kwa nini. Ya pili: taja jambo moja linalowashinda wanafunzi, tuseme msamiati wa tenzi za kale, ueleze utalianzaje darasani. Ya tatu: umeandika nini? Makala, hadithi, hata uhakiki wa kurasa mbili. Kama aya ya tatu imekosa cha kujazwa, kaa chini uandike kwanza. Wasaili wakikupa mada ufundishe mbele yao, utakuwa na la kusema. Uliyeazima barua utaazima na mdomo?

Hili linatuhusu sisi waandishi chipukizi kuliko tunavyodhani. Mhadhiri ndiye anayepanga orodha ya vitabu vya kusomwa. Wanafunzi wake ndio wanaokwenda kufundisha sekondari, kule ambako vijana wengi wanakutana na riwaya kwa mara ya kwanza, na wengine kwa mara ya mwisho. Asiyesoma akikaa kwenye kiti kile miaka thelathini, atatoa walimu wasiosoma miaka thelathini. Hizo riwaya tunazokesha nazo atazisoma nani?

Na nyie mnaokaa kwenye jopo la usaili, mkishamaliza kukagua vyeti, muulizeni huyo mtu swali moja: mwezi huu umesoma kitabu gani ambacho hukulazimishwa? Akianza kukohoa, mwiteni anayefuata.