Si Kila Tumbo la Mtoto Lina Minyoo

Sisi wa Mau Narok tuna jawabu moja kwa kila tumbo la mtoto: minyoo. Akivimba, minyoo. Akihara, minyoo. Akila na huku anakonda, minyoo pia, na mbio hadi duka la dawa. Ukiuliza ni nani aliyeiona minyoo hiyo, waambiwa unajitia ujuaji.

Mpwa wangu alinyweshwa dawa hizo mara tano kabla hajatimiza miaka minne. Minyoo ipo, sikatai, na dawa yake yafaa. Lakini katika zahanati alikopelekwa hakuna aliyetaka choo chake kipimwe. Nyanya yake naye alishikilia kuwa ni jicho la jirani. (Jirani mwenyewe, maskini, ndiye aliyekuwa akituletea maziwa!)

Hatimaye daktari wa watoto mjini Nakuru akauliza: mtoto hula nini? Choo kikapimwa, kisha damu. Akaonya asinyimwe chapati kabla ya vipimo, kwani ugonjwa ungejificha. Mwishowe kikachukuliwa kipande kidogo cha utumbo. Kumbe ni ngano!

Nani angeishuku ngano, ndugu msomaji, ilhali ndiyo inayotusomeshea watoto? Kule Njoro kituo cha kuzalisha mbegu zake kilianzishwa mwaka 1927, na hapa kwetu mgeni asiyepikiwa chapati huhisi hakukaribishwa. Lakini kuna ugonjwa uitwao siliaki. Kitu kilichomo katika ngano na shayiri, gluteni, huufanya mwili wa mgonjwa uushambulie utumbo wake wenyewe, chakula kikapita bila kumfaa. Daktari Mholanzi, Willem Dicke, alieleza lawama ya ngano katika tasnifu yake ya mwaka 1950. Na tusiseme ni maradhi ya Wazungu, kwani Wasaharawi, Waafrika wenzetu, ni miongoni mwa wanaougua zaidi duniani.

Sisemi kila tumbo ni ngano. Wa namna hii ni wachache. Nasema mtoto asinunuliwe dawa ya minyoo mara ya tatu kabla choo chake hakijapimwa.

Mpwa wangu sasa hula ugali, viazi na uji wa wimbi, na mashavu yameanza kujaa. Shida iliyobaki ni mashine ya kusagia. Mamake hukataa mahindi yake yasagwe baada ya ngano ya mtu, na mwenye mashine humwona ana maringo.