Mambo ya Nyumbani: Jiwe la Jikoni na Adui Yake Ndimu

Aghalabu mtu anunuapo kitu cha thamani huuliza bei yake, wala haulizi asili yake. Katika nyumba nyingi zinazojengwa siku hizi Lindi mjini, Kilwa Masoko na hata Kivinje, jikoni huwekwa meza ya mawe iliyojengewa ukutani, ambayo wengi huiita kaunta. Kitu hicho ni kizuri, na gharama yake si ndogo. Lakini haipiti miezi mingi ila husikia manung'uniko: jiwe limeingia mabaka, mng'aro umekwisha, na lawama yote hutupiwa binti wa nyumbani au mtumishi, kwamba ni mvivu wa kusugua. Mwezi huu twataka kueleza kwa nini lawama hiyo mara nyingi ni dhulma, na vipi jiwe hutunzwa.

Yapasa kwanza kujua kwamba mawe hayo si jamii moja. Graniti ni jiwe gumu, lenye punje za rangi mbalimbali, la jamii ya yale majabali makubwa ya Mwanza. Marumaru ni jiwe la jamii ya chokaa, laini kuliko graniti, na aghalabu lina mistari kama mishipa. Na hapa pana neno la kutahadhari. Siku hizi mafundi na wenye maduka huviita hata vigae vya udongo uliochomwa kwa jina hilo hilo la marumaru. Basi ukiambiwa marumaru, uliza: je, ni jiwe lililochimbwa, au ni kigae cha kiwandani? Jina ni moja, tabia ni mbili.

Sisi watu wa pwani hii haitupasi kuwa wageni wa chokaa. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, ulioanza kujengwa katika karne ya 11, na jumba la Husuni Kubwa, lililojengwa mwanzo wa karne ya 14 katika zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yote ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Wazee waliyachoma matumbawe juu ya kuni nyingi, wakayamwagia maji, wakapata chokaa laini. Nayo ikishapakwa ukutani huivuta tena kutoka hewani ile hewa iliyofukuzwa na moto, ikarudi kuwa jiwe. Matumbawe, chokaa iliyokauka, na marumaru ya dukani, asili yake ni kitu kimoja, ambacho wataalamu hukiita kalsiamu kaboneti. Ndiyo maana mafundi wanaotengeneza magofu hayo, yaliyotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, hutumia chokaa. Kwani saruji ni ngumu mno, huzuia unyevu na chumvi ndani ya ukuta, na jiwe la kale likapasuka. Nao walianza kwa kujua jiwe lile ni la namna gani.

Sasa tuje kwenye adui. Kila kitu kikali kwa uchachu hulila jiwe la chokaa: ndimu, limau, siki, ukwaju, maji ya embe mbichi, na hata nyanya. Na jiko gani la pwani lisilokuwa na ndimu? Samaki huoshwa kwa ndimu, achari hutiwa ndimu, na sinia la shaba husuguliwa kwa ndimu na jivu likang'aa. Desturi hii ya shaba ndiyo iliyowaponza wengi. Wameona ndimu yang'arisha chuma cha njano, wakadhani itang'arisha na jiwe. La! Shaba huondolewa kutu, bali jiwe huondolewa ngozi yake. Lile baka lisilong'aa si uchafu, ni jiwe lenyewe limeliwa. Na binti akisugua mpaka magharibi halitoki, bali huzidi. Dawa yake ni fundi wa mawe, alisugue kwa msasa laini na kulipiga mng'aro upya.

Ukitaka kujua jiwe lako ni la jamii gani, tafuta pembe iliyofichika, udondoshe tone moja la ndimu, ungoje dakika chache, kisha ulifute kwa maji. Likitoa povu dogo au likiacha alama hafifu, ni la chokaa. Lisipobadilika, yaelekea ni graniti. Ama vigae, vyenyewe haviogopi ndimu, lakini ile saruji iliyojazwa baina yao huliwa.

Matunzo ya kila siku ni mepesi. Futa kwanza mchanga kwa kitambaa kikavu, kwani mchanga wetu huingia hata kwa miguu ya watoto, nao hukwaruza. Kisha osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo ya vyombo, suuza, ukaushe. Usitumie stiliwaya, wala jivu, wala mchanga. Ndimu na samaki vikatiwe juu ya ubao. Sufuria ya moto iwekwe juu ya kibao. Tui au mafuta yakimwagika, yafute pale pale, maana jiwe lina vinyweleo na hunywa. Doa la mafuta likishaingia, koroga bekingi soda na maji iwe nzito kama uji, lipake, lifunike kwa nailoni mpaka kesho yake, kisha ulioshe. Na mara kwa mara dondosha maji juu ya jiwe. Yakinywewa upesi na mahali pale pakaiva rangi, mwite fundi alipake tena dawa ya kuziba vinyweleo.

Tahadhari moja ni ya uhai. Wako wanaochanganya jiki na siki, au jiki na dawa kali ya chooni, wakitaraji usafi mara mbili. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya klorini, ambayo ni sumu ya mapafu, khasa katika jiko dogo lisilo na dirisha. Msichanganye kamwe, na watoto wafunzwe hayo.

Enyi vijana, mali ya nyumba ni amana, na kuiharibu kwa kutojua ni israfu kama kuiharibu kwa makusudi. Nanyi wazazi, kabla ya kumkemea binti kwa baka la jiwe, uliza kwanza: je, nilimwambia jiwe hili ni la namna gani, na nini kinalidhuru? Anayeagizwa kazi bila ya kufunzwa, kosa lake ni la aliyemwagiza.